Mashimo ya Nicolaus

Novemba 28
Mvua ya kwanza. Nimesimama kwenye baraza ya kituo cha afya nikashangilia kama mtoto, maana kwetu Kondoa mvua ni mgeni wa kutandikiwa mkeka. Othmar, mganga mfawidhi wetu, amenitazama akacheka. Yeye ni mtu wa ziwani, amezaliwa Mbamba Bay na kukulia kwenye dagaa wa usipa. Huku mlimani kwa Wamatengo ameletwa na barua ya uhamisho kama mimi. Ameniambia nishangilie leo leo, maana ikifika Februari nitaiomba mvua hiyo iniache nipumue.

Desemba 3
Kliniki ya afya ya akili. Wamekuja wenye kifafa na mama zao. Wamekuja wanaume wawili wanaotaka kuacha pombe, na wote wawili walikunywa kwanza ili wapate ujasiri wa kuja. Nimewapokea hivyo hivyo. Muuguzi wa kazi hii ni mimi peke yangu katika milima yote hii, nikianza kuchagua wagonjwa nitabaki na benchi.

Nicolaus amekuja na kaka yake, Eusebius. Niandike habari zake vizuri, kwa sababu ndiye ninayejivunia. Nilipofika hapa Juni nilimkuta kwenye ghala la kahawa la Eusebius, amefungwa mnyororo mguuni kwenye nguzo, mwaka wa pili huo. Alikuwa anasikia watu wakimwita, anakwenda kuwatafuta, akikutwa njiani anapigana. Nikaanza kumchoma sindano ya kila mwezi. Sauti zikafifia, akaanza kulala, akanenepa. Septemba Eusebius akamfungua. Leo amesalimia kila mtu kwenye foleni, wazee amewapa shikamoo yao, na mimi ameniita dada.

Lakini mnyororo Eusebius hakuutupa. Ameutundika ukutani kule kule ghalani. Anasema masika ndiyo humvuruga mdogo wake, kila mwaka. Tumepatana hivi: masika haya yakipita salama, mnyororo utauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Yasipopita salama, Nicolaus atarudi kwenye nguzo, nami nisifungue mdomo.

Mwisho wa kliniki nimewahutubia ndugu wa wagonjwa. Nimewaambia wasiwakalishe wagonjwa kama magunia. Wapeni kazi, nikasema, kazi ni nusu ya dawa. Lusia, mke wa Eusebius, akauliza ni kazi gani. Nikamjibu ni ile anayoipenda mgonjwa mwenyewe, na akiipenda msimzuie. Wote wakaitikia kwa vichwa. Nimerudi nyumbani nikijiona nimesema la maana.

Desemba 11
Mvua. Nguo hazikauki, nimevaa sare mbichi.

Desemba 25
Krismasi. Nicolaus mwenyewe ameniletea wali na kuku kutoka kwa Eusebius, amefunika kwa kitambaa, hakumwaga hata tone la mchuzi. Akaniambia nile bila wasiwasi, kuku walimpeleka akachinjwe na Mwislamu mwenye duka. Nimelia kidogo alipoondoka. Hawa watu mimi nimewaita washenzi moyoni tangu Juni kwa ajili ya mnyororo ule.

Januari 7
Kliniki bila sindano. Barabara imekatika huko chini na gari la dawa halikupanda. Nicolaus nimempa vidonge vya wiki tatu vimshikilie. Eusebius ameniuliza kama vidonge ni sawa na sindano. Nimesema ni sawa. Si sawa sana, lakini nikisema hivyo hapa ataenda kuusugua mnyororo wake.

Januari 15
Nimepanda kwa Eusebius kumtazama Nicolaus. Nyumba iko chini ya mteremko mkali, jiko pembeni, zizi la mbuzi nyuma ya jiko. Nimemkuta Nicolaus kwenye mteremko ulio juu ya nyumba, peke yake, jembe mkononi, anachimba ngoro.

Ngoro ni mashimo ya Wamatengo. Mlima mzima wanauchimba miraba miraba, kila shimo na kingo zake, maji yakishuka yanaingia humo yanatulia, na mazao yanaota kwenye kingo. Mara ya kwanza kuyaona niliona wivu. Kondoa ardhi yetu imekwenda na maji, tumebaki na makorongo ya kutisha wageni. Kwa mtu wa kwetu, shimo linaloshika maji ni sadaka.

Nimempongeza Nicolaus mbele ya wote. Eusebius alikuwa amesimama chini, mikono kiunoni, anatazama juu. Nikamwambia hongera, mzee, mdogo wako anawapita wote. Akashusha mikono. "Haya, nesi," akasema, "ndiyo kazi aliyoichagua."

Nikamjibu kwamba basi amechagua vizuri.

Januari 16
Mvua.

Januari 23
Mvua. Daraja la kwenda Mbinga linapitika kwa miguu tu. Othmar hupanda kilimani kutafuta mtandao na kuulizia dawa, anarudi amelowa na jibu lile lile: ziko njiani.

Februari 4
Kliniki. Sindano hakuna, na sasa vidonge navyo hakuna. Nimewapa watu maneno na kuwaandikia tarehe ya kurudi.

Nicolaus hakuja. Amekuja Lusia kusema yuko shambani. Kisha akabaki amesimama mlangoni, akauliza, "Nesi, ile kazi uliyompa Nicolaus itaisha lini?"

Hasira ikanipanda. Mwaka mzima na zaidi mtu amefungwa kama mbuzi hawakuuliza itaisha lini, leo anashika jembe ndipo wanahesabu. Nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya watu. Lusia akafunga kitenge chake vizuri, akaondoka. Nimefurahi kumwambia. Mwanamke huyu tangu mwanzo nimemwona mgumu, haangalii mtu usoni.

Februari 11
Nimepanda tena. Mashimo yamekuwa mengi, yamepanda hadi karibu na miti ya juu, na mengine ni ya kina cha paja. Nicolaus amekonda lakini ana nguvu za kushangaza, anaongea haraka, anacheka. Nikamtania kwamba maharage yake yatalisha mpaka Malawi. "Haya si ya kula, dada," akasema, akarudi kwenye jembe. Nikadhani anataka kuuza.

Nikamuuliza usingizi. Unapatikana, akasema. Macho yake ni mekundu na viganja vimechubuka. Nikamwambia avipake mafuta, nikashuka.

Februari 18
Ramadhani imeingia. Nafuturu kwa uji na viazi, ukungu mlangoni.

Februari 21
Wakati wa daku nimesikia jembe ng'ambo ya bonde. Nikatoka nje kusikiliza. Mvua ilikuwa inanyesha na jembe linakwenda.

Februari 23
Jembe.

Februari 26
Leo naandika mengi.

Asubuhi alikuja kliniki mama mjamzito, jirani ya Eusebius, mchangamfu. Nikiwa nampima akanitania: "Kwenu Kondoa, nesi, wanaume ndio huchimba na wanawake wanakaa?" Nikamuuliza ana maana gani. Akacheka, akasema huku kwenye ngoro mwanaume hufyeka nyasi, kuchimba ni kwa wanawake. Lakini wanajua yule wa kwa Eusebius ni mambo ya hospitali, kwa hiyo hawamcheki.

Mambo ya hospitali. Nilimwacha Othmar amalizie foleni, nikapanda mlima na viatu vya kituo.

Lusia alikuwa jikoni. Nilimsalimia akaitikia akiwa ameinama. Nikamwomba anieleze ngoro, kama mtu asiyejua kitu, na kwa kweli sikujua. Akaweka mwiko chini akaniambia taratibu, bila kunisuta, na hilo ndilo lililoniuma. Ngoro huchimbwa Machi, mvua zikianza kuchoka, si Januari mvua ikiwa kali. Wanaume hufyeka, nyasi zikinyauka hupangwa miraba, ndipo wanawake huchimba katikati na kufukia zile nyasi kwa udongo. Nyasi ndizo zinazoshika kingo. Nicolaus hakupanga unyasi hata mmoja, anachimba tu. Na lile eneo halilimwi kabisa. Baba mkwe wake aliliacha na nyasi zake maisha yake yote, kwa sababu liko juu ya nyumba.

"Sasa mbona hamkusema?" nikamuuliza.

"Ulisema kazi ni dawa. Ulisema akiipenda tusimzuie. Ukaja ukaona kwa macho yako, ukampa hongera." Akaokota mwiko wake. "Tukasema labda ndivyo dawa yenyewe ilivyo. Sisi tutamkataza mtu dawa? Na mimi nilikuuliza, nesi."

Ni kweli aliniuliza. Wao waliona mtu anachimba kinyume cha kila kitu wanachokijua tangu wamezaliwa, wakasema nesi anajua. Mimi niliona shimo, nikasema Wamatengo wanajua. Hivyo mtu ameumwa mbele ya macho ya kijiji kizima tangu Januari, na kila mmoja wetu akimheshimu mwenzake.

Nilipanda hadi kwa Nicolaus. Mashimo yalikuwa yamejaa maji, mengine kingo zimebomoka yakaungana. Alikuwa ndani ya shimo moja, maji yanamfika kiunoni, anachota tope kwa jembe. Nikamuuliza kwa upole anachimba kwa ajili ya nani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. Akasema wako chini, wengi, wanaomba hewa. Wengine anawajua kwa sauti. Nikamuuliza tangu lini wanaita. Akasema hawakuwahi kuacha, ila zamani nilikuwa namziba masikio kwa sindano, na hanilaumu.

Nikamwomba jembe. Akanipa mara moja, kwa heshima, kwa mikono miwili. Kisha akainama akaendelea kwa vidole.

Eusebius nilimkuta barazani. Nilimpa shikamoo, nikamwambia ukweli wote: dawa zimekwisha mwilini, ugonjwa umerudi, na ule mlima juu ya nyumba unanitisha. Nikamwomba wahame. Akauliza wahamie wapi kwenye mvua hii, na kahawa iliyobaki ghalani nani atailinda. Watoto atawapeleka leo kwa mjomba wao, yeye na Lusia watabaki. Kisha akatazama ghalani. Sikungoja aseme. Nikamwambia dawa zimefika Mbamba Bay, Othmar amehakikishiwa kwa simu, aniachie siku chache.

"Mpaka Jumapili, nesi," akasema. "Baada ya hapo ni mimi na mdogo wangu."

Februari 27
Mvua mchana na usiku. Othmar ameshuka kwa miguu kuzifuata dawa. Huyu mtu hulalamika hata chai ikipoa, leo ameondoka kabla sijamwomba. Mimi nimeshinda na Nicolaus mlimani, namshika mikono, akichoka ananiachia, nikichoka mimi anarudi kuchimba.

Februari 28
Vivyo hivyo. Lusia alituletea uji juu kule, wa Nicolaus na wangu, akaniwekea wangu pembeni umefunikwa mpaka magharibi. Tumeketi pamoja kwenye mvua tukimtazama shemeji yake. Mwanamke huyu niliyemwita mgumu ndiye aliyekuwa anamwogesha Nicolaus miaka ile ya mnyororo, ameniambia leo, kwa sababu mume wake hakuweza kumtazama.

Machi 1, Jumapili
Alfajiri mlima umeshuka.

Nilisikia nikiwa naswali. Haikuwa ngurumo, ilikuwa sauti nzito ya chini kwa chini, kisha kimya, kisha mbwa wote wa bonde. Nilikimbia na kanga ya kuswalia kichwani. Mteremko wote wa mashimo haukuwepo tena. Ulikuwa umelala juu ya zizi na jiko, tope jekundu linatoa mvuke. Nyumba kubwa na ghala vimebaki. Eusebius alikuwa amepiga magoti akikwangua tope, anaita jina la mke wake. Lusia alikuwa ameamka kuwasha moto.

Majirani walikuja na majembe lakini hakuna aliyejua pa kuanzia. Nicolaus alitokea juu, amejaa udongo mpaka kwenye kope. Hakumtazama mtu. Akatembea juu ya tope, akasimama, akasikiliza, akaanza kuchimba mahali pasipokuwa karibu na jiko hata kidogo. Mtu mmoja akapaza sauti aondolewe huyo mwehu. Eusebius akamtazama mdogo wake, akaacha pake, akaenda kuchimba pamoja naye. Wengine wakafuata.

Lusia alikuwa pale pale. Tope lilikuwa limemsukuma na ukuta mzima wa jiko, mabati yamemfunika, akabaki na nafasi ya kupumua. Mguu umevunjika chini ya goti, lakini yu hai. Nimemfunga vijiti barazani, analia kimya kimya, ananiuliza kama watoto wamejua.

Kwa muda mfupi nilifurahi sana, niseme kweli. Watu walimshika Nicolaus mabega, wakamwita shujaa. Yeye akawa anajinasua. Wakadhani ni aibu. Akarudi shimoni akaendelea. Mama ameshatoka, wakamwambia, ameshatoka, basi. Akasema bado wengine. Wakacheka kidogo. Akaendelea. Saa sita mchana alikuwa bado anachimba, kucha zimetoka, na hakuna aliyecheka. Mmoja baada ya mwingine wakachukua majembe yao wakaondoka, na nikawasikia wakisema njiani kwamba mlima ulishuka kwa mashimo yake, na mashimo ni ya nesi.

Wanasema kweli.

Machi 2
Othmar amerudi saa nane mchana, amebeba boksi la dawa kichwani kama mama wa sokoni, miguu imevimba. Hatukupeana hata pole. Nimechukua sindano nikaenda.

Nicolaus alikuwa amechimba usiku kucha, Eusebius ameketi kwenye jiwe anamtazama. Nimemchoma akiwa ndani ya shimo. Hakupinga, alinyoosha tu bega na mkono mwingine ukaendelea.

Eusebius akauliza sindano itachukua muda gani kumtuliza. Nikamwambia ukweli safari hii: itaanza polepole, huenda wiki mbili, huenda zaidi. Akatazama juu, kwenye ile sehemu ya mlima iliyobaki inaning'inia. Mnyororo ulikuwa mapajani mwake. Sikuwa nimeuona, ulikuwa na rangi ya tope.

"Ulisema tumfungue, tukamfungua," akasema. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Ulisema kazi, nikampa jembe langu mwenyewe. Hizo wiki mbili, nesi, sema wewe. Ukisema nimfunge nitamfunga. Ukisema nimwache nitamwacha. Mimi sina tena neno langu."

Nikahesabu pa kumpeleka. Hospitali kubwa ni ng'ambo ya daraja lisilopitika gari. Wodi yetu ina wazazi na watoto wachanga. Nikasema atakaa kwangu, nina chumba cha pili. Eusebius akauliza kama kina kufuli. Nikasema kinalo. Akainuka, akaenda shimoni, akambeba mdogo wake mgongoni hadi kwangu bila kupumzika. Mnyororo aliuacha kwenye jiwe.

Nimemwosha Nicolaus mikono, nimeifunga bandeji, nimemlisha kwa kijiko. Nilipomwonyesha kitanda akakaa kama mgeni mwenye adabu. Nikatoka, nikafunga kufuli. Mlio wake mdogo tu, lakini nilijua ni nini nilichofanya. Nilipika futari na sikuila.

Kisha nikasikia. Chumba kile kina sakafu ya udongo, sikuwahi kukifikiria hivyo, huwa naweka mkaa humo. Alikuwa anakwangua.

Nimefungua. Nimeketi naye chini, nimemshika mikono yote miwili na bandeji zake, na Othmar nimemtumia ujumbe kwa mtoto wa jirani, aje anipokee kukipambazuka, tutapokezana mpaka sindano ifanye kazi, yeye, mimi na Eusebius, wiki mbili au mwezi. Naandika kidogo kidogo, anaposinzia. Sasa hivi ameamka, hakunivuta mikono. Ameniomba tu ninyamaze kidogo, asikie kama bado wanaita.

Nimenyamaza. Mvua imepungua, nje kumetulia kabisa, na nimejikuta na mimi nasikiliza.